Kiti Nilichokipimia Shimoni

Basi nimestaafu. Mikono ingali na nguvu, lakini macho yamekataa kufuata mustari wa musumeno, na fundi asiyeona mustari ni hatari kwa vidole vyake na kwa watoto wa watu. Mumeniomba ninyi mafundi munaobaki katika atelie ya viti niwaandikie namna nilivyofanya kazi. Nitaandika. Nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo musitafute hapa maneno ya chuo kikuu. Habari za mushahara muwaulize wale walioupata. Habari za kupanda cheo ni fupi: nilianza fundi, nimemaliza fundi.

Kabla ya viti nilitengeneza chukudu, lile pikipiki la mbao lisilo na mota tunalobebea viazi na makaa kutoka milimani mupaka Sake. Hakuna muntu aliyenifundisha. Niliokota moja lililovunjika kando ya barabara ya Mushaki, nikalifungua kipande kwa kipande, nikalirudisha. Lilipokubali kubeba gunia na mimi juu yake, nikajua nimemaliza masomo. Toka pale watu walikuja kwangu, na nilikataa kazi ya muntu yeyote aliyesema fundi mwingine ni bei rahisi. Aende kwake.

Ni hapo njo Mama Devota alinikuta. Alikuwa kine wa kituo kile cha chini ya barabara, yaani yule anayenyoosha viungo vya wagonjwa na kuwafundisha kukaa na kusimama. Mwanamuke mufupi, sauti ya kuhesabu askari. Akaangalia magurudumu yangu, akauliza kama naweza kutengeneza kiti cha mutoto asiyeweza kukaa. Nikamwambia kitu chochote cha mbao nakiweza. Akasema tutaona.

Siku yangu ya kwanza kituoni sikugusa mbao hata moja. Alinikalisha juu ya benchi, akanifunga miguu kwa kipande cha kitenge, akanivuta kichwa nyuma mupaka nikawa naangalia mabati, kisha akanipa maji kwa kijiko. Nilikohoa karibu kufa. Wauguzi walicheka. Nikamuuliza mama, hii njo namna munavyowapokea wafanyakazi? Akanijibu, "Sasa umejua kazi yako. Kazi yako haiko kiti. Kazi yako iko hii shingo." Nilitaka kurudi kwa chukudu zangu siku ileile. Nikabaki kwa sababu alikuwa muntu wa kwanza kunifundisha kitu ambacho singekipata kwa kufungua na kurudisha.

Kuhusu vyombo, sikilizeni. Randa muinoe kila asubuhi, hata kama jana hamukuitumia. Mikaratusi ni mibishi: ukiifanya ingali mibichi, kiti kitageuka chenyewe mupaka mutoto aangalie ukuta. Mbao nyekundu za Walikale njo nzuri, lakini zinakuja barabara inapopenda kufunguka. Sponji mutoe katika matela ya zamani ya kulalia, muifue, muianike. Mukanda wa kifuani mutumie mupira wa gurudumu uliofunikwa na kitambaa, maana unavutika kidogo mutoto akikohoa. Wageni walituletea siku moja viti vya chuma vinavyongʼaa, magurudumu madogo kama ya mufuko wa msafiri. Ni vizuri sana kwa uwanja wa ndege. Kwa udongo wetu wakati wa mvua havikwenda mbele wala nyuma, na kimoja nilikikuta kwa muntu kuku ametaga ndani.

Na musipime mutoto akiwa amelala. Jambo hili nitalieleza kwa kuwahadisia habari za Solange, kwa sababu kwake njo nililiona kwa macho.

Solange aliletwa mugongoni mwa mama yake kutoka shamba la juu ya Mushaki. Alikuwa na umri wa kuanza masomo lakini uzito wa mutoto anayenyonya. Alizaliwa baada ya uchungu murefu, bila kulia, na ubongo ukaumia. Makine wanaita ugonjwa huo kwa Kifaransa IMC, yaani ulemavu wa viungo unaotoka katika ubongo. Yeye alikuwa nao wa nguvu: miguu imekauka na kupitana kama makasi, mikono imefungwa ngumi, kichwa kinaanguka nyuma. Ukimugusa kwa ghafula mwili wote unakuwa ubao. Macho tu njo yalikuwa yake. Yalikufuata.

Baba yake, Papa Solange, alikuwa mulimaji wa maharagi na mihogo, muntu murefu, munyamavu, mwenye kujua thamani yake. Nilimupenda mara moja na tukagombana mara moja. Mama ndiye aliyesimulia. Walikuwa wamemupeleka kwa chumba cha maombi Sake, wakafunga na kuomba. Walikuwa wamemupaka siagi ya ngʼombe na kumukanda viungo asubuhi na mangaribi. Muuza dawa wa soko alimuchoma sindano za nguvu, nguvu hazikuja. Huko Goma dokta aliwaambia hakuna dawa, wakalia, wakapanda gari la kurudi. Sasa walisikia kwetu kuna mama anayenyoosha watoto.

Mama Devota alimukagua polepole, akaweka sikio lake mugongoni mwa mutoto, akabaki pale muda. Kisha akaomba aone namna anavyokula. Mama Solange akakaa chini, akamulaza mutoto juu ya mapaja, kichwa nyuma, akaweka kiganja chake pembeni ya kinywa na kumwaga uji katika kiganja uingie wenyewe. Kwetu milimani njo namna ya kulisha mutoto. Mimi nililishwa hivyo. Mutoto mwenye nguvu anapiga miguu, analia, anameza, ananenepa. Solange hakuweza kupiga wala kugeuka. Macho yakatoka, akakohoa mupaka midomo ikabadilika rangi, na mama akasubiri atulie, akamwaga tena. Hakuwa mubaya yule mama. Alikuwa anamupenda kwa namna aliyofundishwa.

Mama Devota akawaambia bila kuzunguka. Uji unaingia katika mapafu. Kama mutoto ataendelea kula akiwa amelala, kikohozi kimoja cha wakati wa mvua kitamuchukua. Atengenezewe kiti, akae wima, alishwe kwa kijiko kutoka mbele.

Papa Solange akajibu, "Mama yangu alitulisha vile sisi wote, hakuna mwenye alikufa."

"Ninyi mulikuwa na shingo," Mama Devota akasema.

Papa Solange akamuangalia mutoto wake. Kisha akasema neno ambalo nimelisikia kwa wazazi wengi, lakini hakuna aliyelisema vizuri kama yeye: "Mama, sisi hatukukuya kutafuta kiti. Tulikuya kutafuta miguu."

Hata hivyo waliniruhusu nichukue vipimo. Mutoto alilia na kukakamaa nilipomwinua, basi nikamupima kwenye mukeka. Nikatengeneza kiti, kizuri, kimesuguliwa mupaka ungeweza kujiona ndani. Hawakurudi kukichukua. Tukasikia wamekwenda Walikale. Kulikuwa na muzee huko, ng'ambo ya Kashuga, ndani ya pori, anayesemekana kusimamisha watoto. Walisafiri kwa pikipiki mupaka pikipiki ikashindwa, kisha kwa miguu, na mutoto mugongoni. Safari ile ninyi munaijua. Muntu haifanyi kwa kupenda kutembea.

Waliporudi, muuguzi mumoja wa njia ile akatuambia mutoto anakohoa zaidi. Mama Devota hakungoja waje. Akaniambia nifunge kiti juu ya chukudu twende. Njia yote ya kupanda nilikuwa natengeneza maneno kinywani. Mimi nikikasirika natafuta maneno mazuri, ni udhaifu wangu.

Tuliwakuta shambani. Kando ya mistari ya maharagi kulikuwa na shimo, na Solange alikuwa ndani ya shimo mupaka kwapani, amezungukwa na majani ya ndizi na muchanga ulioshindiliwa. Mama yake analima pembeni. Koko, yaani nyanya yake, mama ya Papa Solange, ameketi juu ya gunia akichambua maharagi na kufukuza kuku. Baba amesimama na mupauro wa kuchimbia, akitungojea kama muntu anayejua vita iko njiani.

Akatueleza kabla hatujauliza. Muzee wa Walikale alisema udongo unaita miguu. Mutoto asimamishwe ndani kila asubuhi, mupaka siku miguu itajibu.

Sikujizuia. "Papa Solange, huyu mutoto iko muhogo? Unamupanda ungoje aote?"

"Na weye unataka kumufunga ku mbao kama gunia ya makaa," akanijibu. "Kila muntu na kazi yake, fundi."

Lilikuwa jibu zuri, lilinichoma. Nikafungua kinywa, Mama Devota akanikata. "Nyamazeni ninyi wawili. Muangalie shingo."

Tukaangalia. Kichwa cha Solange kilikuwa kimesimama. Kilitikisika kidogo, lakini kilisimama, na macho yake yalikuwa yanamufuata kuku wa Koko kutoka upande huu mupaka upande ule. Mukono mumoja ulikuwa umefunguka juu ya muchanga. Nilikuwa sijawahi kuona vidole vile vikifunguka.

Mama Devota akapiga magoti mbele ya shimo, uso kwa uso na mutoto, akamwita jina. Kisha akauliza, "Koko, uji iko?"

Uji ulikuwapo. Koko akaanza kusogea ili amutoe mutoto amulaze, kama kawaida. Mama Devota akamwomba amuache palepale, akatoa kijiko kidogo mufukoni mwake. Koko akakiangalia kijiko kama muntu anayepewa kitu cha watoto kuchezea.

"Nilianza kulisha watoto mama yako hajazaliwa," akasema.

"Njo maana minakuomba weye, Koko. Mimi mutoto hanijui."

Hilo likamupendeza. Akapiga magoti taratibu, akilaumu magoti yake moja moja, akapeleka kijiko. Mama Devota akamwelekeza: kutoka mbele, chini kidogo, weka, ngoja. Koko hakuzoea kungoja. Mukono wake mwingine ulitaka kuinuka ushike kichwa. Mama Devota akaushika kwa upole kama wanaosalimiana. Solange akafunga midomo. Koo likapanda, likashuka. Tukangojea kikohozi. Hata kuku nafikiri alingoja. Hakikuja.

Koko akapeleka kijiko cha pili, bila kuambiwa, kutoka mbele, chini kidogo. Akangoja yeye mwenyewe. Akageuka kwa mutoto wake wa kiume na kusema kwa sauti ya chini, "Anameza."

Mama Solange akaacha jembe lilale, akaketi katikati ya maharagi, akafunika uso na kitenge.

Nilidhani sasa Papa Solange atafurahi ya kwamba shimo lake limeshinda, na kweli aliuliza kama linafanya kazi. Mama Devota hakumudanganya wala hakumucheka. Akasema, "Shimo inafanya kazi, Papa. Lakini haiko ile kazi walikuambia." Udongo ulimushika mutoto pande zote, njo sababu kichwa kilipata nafasi ya kusimama. Lakini udongo ule ule ulikuwa baridi, na kifua chake kilikuwa kinalia kama birika. Alipaswa kutoka mule, na asirudi.

Mutoto akatolewa, akafunikwa. Mimi nikaingia shimoni kwa mikono yangu, nikaanza kupima. Na hapa ninyi mafundi musikilize, kwa sababu sijaona kazi nyingi za namna hii. Ukuta wa nyuma haukuwa wima. Ulikuwa umekatwa ukilala kidogo. Chini kulikuwa na kidaraja cha udongo cha kukalia nusu. Na katikati, pale magoti yanapokuwa, kulikuwa na kichuguu kilichoshindiliwa vizuri. Nikamuuliza, hiki ni cha nini? Akasema muzee wa Walikale alimuambia achimbe tu. Lakini siku ya kwanza mutoto alianguka mbele, basi akaulaza ukuta. Siku iliyofuata alikuwa anateleza chini, akamuwekea pa kukalia. Na miguu ilikuwa inapitana, basi akaweka udongo katikati uikataze.

Muntu huyu hakuwa ameona kiti chetu hata kimoja. Alikuwa anamuangalia mutoto wake tu, kila asubuhi, na kurekebisha kwa mupauro.

Nikamwambia, "Papa, weye njo fundi."

"Minajua," akasema.

Kile kiti kilichongʼaa nilikishusha, tukakiangalia. Kilikuwa kipana, na nyuma tambarare, maana kilipimwa kwa mutoto aliyelala kwenye mukeka. Mutoto aliyelala ni muntu mwingine. Tukakifungua palepale kwenye kiwanja chake, yeye na mimi. Alitaka kushika musumeno yeye mwenyewe, tukabishana juu ya namna ya kuushika, nikamuachia. Ukuta wa nyuma wa kiti tukaulaza kwa pembe ya shimo. Kile kichuguu cha udongo kikawa kigingi cha mbao kilichovikwa sponji. Mbele nikakata meza ya kuzunguka kifua, ili imushike kama muchanga ulivyomushika. Koko alikuwa mukaguzi. Kila mara alipeleka kiganja chake kati ya mbao na mutoto, akasema hapa panabana, hapa panaacha, na mara nyingi alikuwa na haki, lakini si mara zote.

Solange alipoketi ndani na kichwa kikasimama, baba yake akauliza lile lililobaki. Alimuuliza Mama Devota, si mimi. "Atatembea?"

Makine wengine wangesema tutaona, tumuombe Mungu. Wanaogopa machozi. Yeye akajibu, "Hapana, Papa. Solange hatatembea. Atakula, atakomea awe mukubwa, atawajua."

Papa Solange akachukua mupauro wake, akaenda kando ya shamba, na akaanza kurudisha udongo katika shimo. Hakutaka musaada. Tulimusikia akishindilia. Aliporudi alinawa mikono, akaketi mbele ya kiti, akamuambia Koko amupe kile kijiko.

Siku hazikuwa nyepesi baada ya pale. Mutoto aliugua kifua mara nyingine, akalazwa, akatoka. Mama Solange alikuja kituoni kila juma, siku ya soko, kujifunza kumunyoosha miguu isikauke zaidi, na polepole ngumi zikakubali kufunguka kwa maji ya moto. Koko akawa mwalimu. Mama yeyote aliyemulaza mutoto dhaifu amulishe kwa kiganja mbele yake alipata hotuba, hata sokoni, hata kama hakumujua. Vita ilipokuja juu yao walikimbia kambini pamoja na wengine, na walipofika watu waliwacheka, kwa kuwa waliacha masufuria wakachukua kiti juu ya chukudu. Papa Solange aliwaambia masufuria yanaazimwa. Kiti cha mutoto wake nani angemuazima? Walirudi mulimani hali ilipotulia, wakalima tena.

Kisha muda murefu nikawa sijawaona. Mama Devota alistaafu kabla yangu, kine mupya akaja, kijana mwenye adabu, tukazoeana.

Sasa niwaambie jambo ambalo ninyi mumekwisha kuliona, lakini hatulizungumzi. Viti vyetu vinarudi. Muzazi anakuja na kiti kitupu, kimeoshwa, mara nyingine amekifunga na kitenge. Anakiweka karibu na mulango. Anasema tumupe mutoto mwingine. Hatuulizi. Tunamupa pole, tunamupa mahali pa kuketi, tunachukua kiti ndani. Katika kazi yangu yote, kiti kikija juu ya chukudu bila mutoto, maana yake ilikuwa moja.

Kabla ya mvua hizi za mwisho, nilikuwa nasugua mbao mulangoni nikamuona Papa Solange anashuka barabara. Amezeeka kidogo. Chukudu mbele yake, na kiti juu ya chukudu, kimeoshwa, kitupu. Nikaweka randa chini. Nilitaka kuingia ndani nijifanye sikumuona, na mimi si muntu wa kujificha. Nikasimama. Akafika, akaegemeza chukudu, akakifungua kiti, akakiweka mulangoni. Nikamushika mukono, nikaanza kusema pole.

"Pole ya nini?" akauliza. "Mimi na chukudu tuliwatangulia wenzangu sababu ya mutelemko. Kiti njo imekuwa kidogo."

Nyuma yake, kwenye kona ya barabara, Mama Solange alikuwa anakuja polepole, ameinama, anapumua kwa nguvu. Mugongoni alikuwa na musichana mukubwa, amefungwa na vitenge kwa sababu kimoja hakikutosha, na miguu mirefu ikining'inia mupaka magoti ya mama. Tukamusaidia kumushusha. Amenenepa mashavu, nywele zimesukwa, kichwa kimesimama juu ya bega la baba yake.

Baba akanieleza kwa kujivuna kwamba siku hizi Solange anajibu: akiinua macho juu ni ndiyo, akifunga ni hapana, na hapana zake ni nyingi, amefuata nyanya yake. Basi nikainama, nikamuuliza yeye, si baba yake, kama anataka kiti kikubwa.

Akanitazama kwanza, akanichunguza, kama muntu anayemupima fundi. Kisha akainua macho juu.

Nikaomba wamukalishe benchini, mama upande mumoja, baba upande mwingine, wamushike wima. Nikachukua metre ya kupimia.